Gauni la Nne

Jumamosi, 5 Aprili

Bonge kaja leo! Miezi minne, mashavu ya mwaka mzima. Kalala juu ya rundo la vitambaa vyangu, cherehani inanguruma, hata jicho hakufumbua. Mjukuu wa fundi huyo — nimemwambia kila aliyepita barazani.

Binti yangu hakuja kunisalimu tu. Kafungua mfuko, katoa kitambaa. Buluu, vidoti vyeupe, kizito kidogo, cha kupendeza. Anataka sare ya sikukuu: shati la mume wake, gauni lake, kivazi cha mtoto. Wanaanza desturi yao, ati. Kila mwaka kitambaa kimoja, picha moja kwenye kochi lilelile, na kiganja cha mtoto kinachovywa rangi na kugandamizwa kwenye karatasi. Akikua aone ukutani jinsi mkono ulivyokuwa.

Wazo zuri. Nimemsifu kwa moyo mmoja. Nilishaanza kufikiria nitakaa upande gani wa kochi — akaniwahi. Mwaka huu tutakuwa watatu tu, mama, tumekubaliana hivyo, ni mwaka wa kwanza. Hata mama mkwe haji.

Sawa. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Nikambeba Bonge hadi barabarani, nikamrudisha kwa mama yake shingo upande.

Jumatatu, 7 Aprili

Fundi Viatu, jirani yangu wa barazani, kaniuliza sikukuu nitakula wapi. Kwangu, nikamwambia, binti na mume wake wanataka kuwa peke yao na mtoto. Akaacha kugonga nyundo. Peke yao? Na bibi je? Nikamwambia ashone viatu, mambo ya nyumba za watu ayaache nyumbani mwao. Nimemtetea binti yangu kama wakili wa kukodiwa! Nikamkumbusha pia kwamba mimi na sikukuu hatujawahi kukaa meza moja. Siku hiyo ndiyo wateja huja wameshika zipu mkononi. Mwaka jana mmoja alivaa nyuma ya pazia langu akatoka mbio na pini mgongoni.

Akacheka. Lakini jioni, akifunga sanduku lake, akasema nikikosa pa kwenda kwake kuna sahani, mkewe hatanihesabia kijiko. Nimechukia. Mtu ananikaribisha kwa wema nami nachukia.

Jumatano, 9 Aprili

Meseji ya binti yangu, mchana. Kitambaa kitabaki, mama, ongeza gauni moja la mtu mzima, mikono mirefu. Vipimo hivi hapa. Usiniulize la nani! Na kikatuni cha kucheka mwishoni.

Nimeisoma, nikaisoma tena. Usiniulize la nani! Mtoto huyu! Tangu mdogo hajui kuficha zawadi — akikuficha kitu, yeye ndiye anayekupeleka mpaka kilipofichwa. Ni langu. La nani lingine? Wenyewe watatu nilishawapima. Anataka nijishonee bila kujua, halafu siku yenyewe aniambie, mama, vaa, tunakungoja.

Ila vipimo, jamani! Kifua si changu, nyonga si zangu. Kanikadiria kwa macho, kanifanya pipa. Nimecheka peke yangu mpaka Fundi Viatu akaja kuchungulia. Nikamweleza. Akakuna kidevu: huenda ni la mtu mwingine. Nikamwambia roho yake imeharibiwa na gundi.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimekata. Kwa vipimo vyangu, si vya kwenye meseji.

Nimejipima mbele ya kioo kama mteja, nikajisemesha kama mteja — simama wima, mama, shusha mabega. Nguo zangu siku zote ni za masalia: mfuko wa huyu, mkono wa yule, rangi zinazogombana. Hii ni kitambaa kizima, kipya! Wateja huwa nawaachia nafasi ndani ya mshono, maana watu hunenepa na wakinenepa hurudi kunilaumu. Mimi sinenepi. Nimepunguza nafasi yote ili mshono ulale vizuri, sikubakiza hata upana wa ukucha. Mabaki yote nimemshonea Bonge kofia.

Jioni nikafunga mlango, nikalijaribu. Limenikaa! Nimejigeuza huku, nikajigeuza kule, mwanamke mzima, kama kigori. Niseme kweli, kwa kuwa hapa hasomi mtu: natamani kuwemo ukutani pale. Bonge akishaota ndevu amwonyeshe mtu na kusema, huyu ndiye bibi yangu mzaa mama, na hizi zote kashona yeye. Sitaki kingine.

Alhamisi, 17 Aprili

Binti kaja kuchukua nguo. Nilimkazia macho wakati natoa gauni la nne, baada ya nguo zao tatu. Kalikunja harakaharaka, kalitia mfukoni, hata kuliangalia hakuliangalia. Nikajifanya sijui kitu. Naye akajifanya. Waigizaji wawili! Akanibusu shavuni: sikukuu njema, mama, na wewe upumzike. Upumzike! Nilibana kicheko mpaka alipokata kona.

Nimetoa viatu vyangu vyeusi. Fundi Viatu kavipiga rangi bila kuombwa, na bila utani. Huyu naye ana nini?

Jumamosi, 19 Aprili

Simu asubuhi. Mwalimu — mama yake mkwe wangu, mwalimu mstaafu, mtu mpole, sauti bado ya darasani. Anashukuru. Kaambiwa nimemshonea gauni la sare kwa mikono yangu mwenyewe. Hajalijaribu; binti yangu kamwambia alingoje mpaka siku yenyewe, ni zawadi. Tangu azaliwe hajawahi kushonewa nguo na mkwe mwenzake, anasema, na hiyo ni heshima asiyoijua atailipaje. Akaviombea uzima vidole vyangu.

Nikasema amina. Nadhani nilisema na karibu.

La Mwalimu. Kifua cha Mwalimu, nyonga za Mwalimu. Kumbe binti yangu hakukadiria. Alipima! Alimzungushia tepu mwenzangu, akaandika sawasawa, na kupima nilimfundisha mimi, kasimama juu ya kigoda hapa hapa.

Mteja kaja, nikamwambia hakuna umeme. Taa inawaka juu ya kichwa changu. Akaitazama taa, akanitazama mimi, akaondoka polepole.

Jumapili, 20 Aprili

Nimempigia. Nilitaka aseme mwenyewe, nilimfungulia mlango apite. Nikauliza kwa upole kabisa: nawaletea keki, mtakuwa wangapi Jumanne? Akajibu bila hata kumeza mate — watatu, mama, si nilikwambia?

Watatu.

Asante ya punda ni mateke! Angeniambia tangu mwanzo kwamba Mwalimu anakuja na mimi siji, ningelia usiku mmoja yakaisha. Lakini anidanganye, kisha anikabidhi nguo ya aliyekalia nafasi yangu niishone mimi! Nami nikaishona naimba! Kikulacho ki nguoni mwako — aliyetunga methali hiyo alikuwa fundi cherehani, naapa.

Na liko jingine. Gauni lile halimwingii Mwalimu. Litakwama mabegani. Anayejua ni mimi tu. Nilishika simu nimwambie binti yangu, nikaiweka chini. Wacha. Si kasema watatu? Watu watatu, magauni mawili ya wapi?

Jumatatu, 21 Aprili

Nimeshona tangu alfajiri. Nimemkasirikia Mwalimu pia, na hajanikosea chochote. Fundi Viatu kaniwekea chai mezani akaondoka. Ilipoa.

Jumanne, 22 Aprili. Sikukuu

Naandikia chumbani kwa binti yangu, nimekaa kitandani kwao, kwa penseli ya kuchorea vitambaa. Daftari lilikuwa kwenye mfuko wa mikasi. Niandike upesi.

Simu ililia nikiwa namvalisha mteja. Mama, gauni halimwingii, sijui umekosea wapi, njoo na mkasi. Nikauliza, halimwingii nani? Akajibu: mama, tafadhali.

Mkwe akaja na gari, keshavaa shati lake la vidoti. Akanifungulia mlango. Pole na kazi, mama, tulisikitika uliposema huwezi kuja, mwanao alituambia una nguo za watu hujamaliza.

Niliposema siwezi! Nikamwangalia kijana wa watu. Haongopi, hajui kitu. Nikasema, kazi ni nyingi, baba.

Sebuleni kila kitu kiko tayari. Meza imetandikwa, kochi limevutwa dirishani, kamera imesimamishwa kwa miguu yake mitatu. Bonge ndani ya vidoti, kofia imemteremkia puani. Mwalimu kajifunga shuka, kanikumbatia hivyo hivyo. Ungetuambia umezidiwa, anasema, tungekuja sote kukushikizia vifungo, ukamaliza, tukaja pamoja. Na alisema kweli tupu, machoni anaonekana. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nimeshindwa.

Nikachukua gauni, nikaingia humu. Binti yangu akanifuata, akarudishia mlango. Tukagombana kwa kunong'ona, kama wezi wanaogawana.

— Umewaambia nimekataa.

— Ungekataa.

— Uliniuliza?

Hapo ndipo aliponipiga kwa maneno. Kila sikukuu tangu nipate akili, mama, nimekaa mezani nimevaa kuliko watoto wote wa mtaa, nakungoja. Namalizia huyu mmoja, unasema. Halafu mwingine. Chakula kinapoa, nasinzia na nguo mpya mwilini. Sitaki mwanangu aanze kungoja. Picha ya kwanza nilitaka iwe na bibi ambaye mwaka wa pili atakuja.

Sindano ile ndiyo iliyokulisha! Nilimwambia hivyo. Ni kweli, na nitaisema mpaka naingia kaburini. Huyo mmoja niliyekuwa nammalizia ndiye aliyekupeleka shule. Lakini nikiwa naisema nilimwona — ana miaka sita, kalalia mkono mezani, gauni la manjano, mshipi nyuma. Mshipi ule niliufunga vizuri sana. Hata hivyo, angeniambia! Angekuja kwenye kile kiti cha wateja, akanitazama usoni, akanipa ukweli wangu. Badala yake kaniletea kitambaa na uongo, na kikatuni cha kucheka.

Akafuta macho kwa kiganja. Fumua tu uongeze, mama, wanangoja. Akatoka. Hakuuliza kwa nini gauni limekuwa dogo kiasi hiki. Kalishika mikononi mara mbili, binti wa fundi, na hajaona ni mwili wa nani!

Hakuna cha kufumua. Hakuna nafasi ndani, hakuna kitambaa. Naweza kutoka sasa hivi niseme macho yamezeeka, nilisoma vipimo vibaya, nisameheni. Mwalimu atanihurumia. Binti yangu atapona, uongo wake utalala usingizi mzuri. Watapiga picha, Mwalimu na gauni lake alilokuja nalo, nami nitapewa kamera nibonyeze, kisha nirudishwe kwa wateja wangu. Ndivyo mama anavyofanya. Mama humsitiri mwanawe, hata akiwa yeye ndiye aliyeumizwa.

Nikitoka bila kusema hivyo, binti yangu ataaibika mbele ya mume wake na mama wa mume wake, siku ya kwanza ya desturi yao. Na huenda Bonge nisiletewe tena kulala kwenye vitambaa vyangu.

Nimelivaa. Sikumbuki kuamua. Zipu imepanda yenyewe, mikono imefika panapotakiwa. Nimejiona kwenye kioo cha kabati lao, na viatu vyangu vya kazini, nikaanza kulia kama mjinga.

Mlango unagongwa. Ni Mwalimu, hugonga kwa adabu, kidole kimoja. Fundi, limekubali? Niingie nijaribu? Na nyuma yake namsikia binti yangu anakuja mbio — mama, ngoja, mama! — sijui anamwita nani kati yetu.

Nimesema ingia.