Wafaransa wa Kijani

Mwanangu kipenzi,

Huku tunapumua, wasiwasi wangu ni kama wewe unakula. Baba yako bado anapaka rangi visanamu vyake vya askari wa Napoleoni. Juzi kamaliza Wafaransa arobaini, wote kijani badala ya buluu. Jirani yetu fundi cherehani, anayecheza naye vita vya mezani upande wa Warusi, wenye sare za kijani, akaanza kuwazoa mezani: "Mzee, asante kwa jeshi!"

Baba yako akawaka, "Weka chini! Buluu huijui, na ushonaji wako wote?"

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Kisha nikaogopa. Mwanangu, baba yako haoni vizuri, na habari za daktari hataki kuzisikia. Wewe anakusikiliza. Mwandikie aende, ila kwa herufi kubwa, asome mwenyewe. Akinipa nimsomee, uso wangu utasema nimekutuma.

Mimi mama yako, mwoga kuliko Wafaransa wote