Safari ya Mama Isiyopita Kopenhagen

Ijumaa, 2 Januari 2026

Mama kakubali! Tulikuwa tunakunywa kahawa baada ya chakula, akaweka kikombe chini na kusema sawa, nitakwenda. Miezi mitano namwomba. Mdogo wangu Aseel kajifungua kule Malmö, Sweden, na bibi bado hajampakata mjukuu.

Sharti lake moja. Ndege ya kwenda, ndege ya kurudi, hakuna nyingine. Tangu operesheni ya sikio daktari hataki apande na kushuka ovyo. Yaliyo katikati yote ni kwa gari — na dereva ni mie.

Juni, baada ya Idi Kubwa. Tunashuka Paris kwa sababu anautaka ule mnara. Kisha Brussels. Kisha Den Haag kwa Khala Aliya, mdogo wake. Hamburg tulale. Halafu Malmö. Nchi tano! Na mie sijawahi kuendesha mbali zaidi ya Salalah, huku huku Uarabuni.

Jumamosi, 3 Januari

Leo nimefungua laptop mezani nimwonyeshe Mama njia. Mpaka Hamburg hana neno. Kutoka hapo ramani inapanda Denmark, inafika Kopenhagen, inavuka daraja, na upande wa pili ndiyo Malmö. Nusu saa tu.

Mama akavua miwani. "Ipo meli," akasema.

Meli gani? Akanieleza vizuri kabisa: inatoka Ujerumani, magari yanaingia tumboni, inashusha Sweden yenyewe, Denmark huikanyagi. Kumbe wiki iliyopita kamtuma ndugu yangu Muatasim amtafutie. Kaizungukia Kopenhagen kabla hata hajakubali safari.

Sikubishana. Kopenhagen anakaa Mjomba Thani, kitinda mimba wao. Yeye na Mama hawajasemezana tangu bibi yangu, mama yao, alipofariki, 2003. Nyumbani hatumtaji. Siku zote nimedhani alimfanyia Mama jambo kubwa lisilosameheka.

Jumanne, 6 Januari

Saa ya mapumziko nimeshuka kwenye maegesho ya wizara ninakofanya kazi, nikampigia Aseel nikiwa ndani ya gari. Nikamwuliza kama anamwona Mjomba. Akaniambia: kila mwezi. Anaendesha basi la abiria huko, siku yake ya mapumziko anavuka na treni. Mtoto alipozaliwa alikuja na kitanda begani, akakipigilia misumari mwenyewe.

Anamtaja Mama? Aseel kasema hamtaji, ila huuliza vitu vidogo vidogo. Goti lake. Kama bado anakunywa chai bila sukari.

Mwaka wa ishirini na tatu huu, na anakumbuka chai.

Jumamosi, 10 Januari

Magari ya kukodi ya bei nafuu kule ni ya gia. Mie nimezoea otomatiki. Kwa hiyo Muatasim kanipeleka mtaa wa Ghala, nyuma ya gereji ya rafiki yake Loay. Ijumaa na Jumamosi, siku za mapumziko huku, barabara za pale ni tupu. Kaazima pikapu kuukuu, klachi ngumu kama jiwe.

Mama alikataa kubaki nyumbani. Kakaa kiti cha nyuma na Milly na chupa ya chai. Milly, msaidizi wetu wa nyumbani, ni Mganda, kwao Masaka. Yuko nasi mwaka wa tatu. Kiswahili alikipata Nairobi alikofanya kazi kabla ya kuja huku, na Mama anafurahi kuwa na mtu wa kuzungumza naye asubuhi sisi tukiwa kazini.

Gari likazima mara tisa. Kila likizima Mama anasoma Ayat al-Kursi kwa sauti zaidi. Mara ya kumi likaenda! Tukazunguka eneo zima, Milly anapiga makofi, anasema madam sasa atupeleke Masaka moja kwa moja. Mama kacheka mpaka machozi. Siku nyingi sijamwona anacheka hivi.

Alhamisi, 15 Januari

Fomu za viza. Bima, barua ya kazini, hoteli zote. Miadi tumepata tarehe 29. Penye swali la nchi utakazotembelea nimeandika tano. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, anahesabu.

Jumatatu, 19 Januari

Nimerudi kazini nikamkuta Mama kasimama kwenye ujia, simu mkononi, nje ya mlango wa jikoni. Ndani Milly anaosha vyombo na anaimba.

Namuddu, dada yake Milly, kampigia Mama. Mama yao mgonjwa sana, madaktari wanasema ni wiki chache. Familia imekaa, imeamua Milly asiambiwe mpaka amalize mkataba Agosti. Wanasema akijua ataacha kazi, na kazi ile inawasomesha watoto wake. Wanamwomba Mama awasaidie kuificha habari hiyo.

Nikasema taratibu kwamba labda tuwaachie wenyewe, wanajua zaidi hali yao. Mama akaniangalia kana kwamba nimesema neno la haya.

Akaingia. Akafunga bomba. Akamkalisha Milly kwenye kiti, yeye akavuta kingine mpaka magoti yao yakagusana. "Milly, mama yako anaumwa sana. Wamenikataza kukwambia. Mie nakwambia."

Milly hakulia mara moja. Aliuliza kwanza, "Bado yuko?"

Yuko, Mama kasema. Na kesho unakwenda. Kazi yako ipo, hailiwi na mtu.

Muatasim kapata tiketi ya saa nane mchana.

Jumanne, 20 Januari

Niliomba ruhusa, tukampeleka Milly uwanja wa ndege. Mama kamtilia halwa na shali zake mbili kwenye begi. Wamekumbatiana muda mrefu.

Tukawa tunarudi. Karibu na mtaa wa Al Khuwair, magari yamebanana, Mama akaanza kusema mwenyewe, anaangalia mbele.

Bibi alipougua, Mjomba Thani alikuwa Denmark mwaka wa pili, anangoja karatasi za ukaazi. Akitoka, haruhusiwi kurudi tena, na kwetu Unguja hakuwa na pa kurudi. Mama akaamua peke yake asiambiwe. Kila Ijumaa Mjomba anapiga simu kuongea na mama yake, na Mama anamjibu kalala. Wiki sita, kalala. Baada ya maziko ndipo akampigia.

"Alisema neno moja tu," Mama kasema. "Kasema, Da Kheiria, umeninyima mama yangu. Akakata. Na kweli nilimnyima."

Nikaingia kituo cha mafuta maana sikuweza kuendelea. Nikamwuliza, kwa hiyo humkasirikii?

"Nimkasirikie nini? Nnaona haya, mwanangu. Nitasimama vipi mbele yake?"

Nikashuka nikanunua karak, chai ya maziwa na iliki, vikombe viwili vya karatasi. Tukanywa garini. Nilitaka kumshika mkono, nikamshika.

Ijumaa, 23 Januari

Picha kutoka Masaka! Mama yake Milly kakaa kitandani, kajitanda shali ya Mama, Milly anamnywesha uji. Mbavu tu, lakini macho yanacheka.

Mama kaitazama picha ile muda mrefu sana. Halafu akaniuliza lile daraja la Kopenhagen lina urefu gani.

Nikatoka mbio kuleta laptop. Akanizuia. Kwanza mtu huulizwa, kasema, hatumvamii. Akataka nimwekee simu arekodi. Akarekodi, akafuta. Akarekodi, akafuta. Salamu zikawa ndefu, maelezo yakawa mengi, anakwama. Ile aliyoiacha iende ilikuwa fupi kuliko zote:

"Thani, mie Kheiria. Nnakuja Juni. Nikipita kwako, utanifungulia?"

Jumatatu, 26 Januari

Mjomba kaisikiliza sauti ya Mama. Alama kwenye simu zimegeuka buluu tangu Ijumaa ile ile. Hajajibu.

Aseel anasema Mjomba alikwenda kwake jana bila kuarifu. Kampakata mtoto saa mbili nzima, kaondoka.

Nimemwuliza Mama kuhusu fomu. Tuiache Denmark, tusiiache? Alikuwa anakunja nguo, kazi ya Milly sasa tunagawana.

"Andika," kasema. "Asipofungua, nitakuwa nimefika mlangoni kwake."

Nchi sita.

Alhamisi, 29 Januari

Tumepeleka fomu za viza. Binti wa dirishani kauliza Denmark mnakwenda kwa nani. Mie nimeshafungua mdomo kusema hoteli.

Mama kamjibu, "Akhuyi." Ndugu yangu. Mara ya kwanza namsikia akimwita hivyo.

Ijumaa, 30 Januari

Tulikuwa tunakula. Simu ya Mama ikaita, namba inaanza na 45, ya Denmark. Mikono yake ina wali. Akaniambia nipokee, niseme anakuja. Akaenda kunawa, akakawia, akarudi kajitanda kanga safi — kama anaonekana!

Mjomba aliniuliza mie nani. Nikamwambia Wijdan. Akasema nilipokuwa mdogo niliogopa paka. Sauti yake kama ya Mama, nzito kidogo.

Nikampa Mama simu, kaweka spika kwa ajili ya sikio lake. Kisha Mjomba akasema hakupiga kugombana. Anataka kuambiwa. Zile wiki sita, zote, tangu siku ya kwanza.

Nimewapisha, niko jikoni naandika. Mlango uko wazi. Anauliza moja moja, Mama anamjibu moja moja. Bibi alikuwa anakula nini. Nani alimwosha. Alilazwa karibu na dirisha la upande gani. Mama hafichi kitu, hata maumivu ya bibi.

Sasa hivi kauliza, "Alinitaja?"

"Kila siku. Kila siku anauliza Thani yuko wapi."

"Ukimjibu nini?"

Namwona Mama kutoka hapa, kashika simu kwa mikono miwili.

"Nikimwambia uko njiani."

Hakuna sauti. Nimechungulia nione kama kakata. Hajakata. Dakika ya arobaini na moja, na Mama bado kaiinamia simu, anangoja Mjomba aseme.