Mshono wa Adela

Murongo, Kyerwa
Agosti 2024

Shangazi yangu mpendwa Adela,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti lililokusumbua wakati wa masika sasa linakufikisha kanisani bila kupumzika njiani. Sisi huku hatujambo. Vumbi la barabara ya mpakani linaingia mpaka kwenye masufuria, lakini migomba imesimama vizuri na kahawa tumeshaanika. Binti yangu Xaveria anakuamkia sana.

Najua unashangaa kuona nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu, shangazi, tunazungumza vizuri mpaka nitaje jina la baba, hapo mtandao wa kwako unakatika. Kwa hiyo nimeona nikuandikie, na nakuomba usome mpaka mwisho hata ukikutana na jina lake.

Habari yenyewe ilianzia dukani kwangu. Kigango chetu cha Kibingo kinaezekwa upya, na wanakwaya wakatoa wazo kwamba siku ya harambee watu wote waje wamevaa mavazi ya zamani, ya miaka ya sabini na themanini. Watu walicheka, kisha wakakubali, kisha wote wakanijia mimi. Cherehani haikupata usingizi.

Vijana walikuja na simu zao. Walinionyesha picha za wanamuziki wa Kongo na waigizaji wa Kihindi wa enzi hizo: bugaluu zinazofagia ardhi, miwani mikubwa kama visosi, magauni yaliyotuna mabegani. Niliwashonea wote. Jovitus wa bodaboda alitaka bugaluu pana kiasi kwamba nilimwonya itanaswa na mnyororo wa pikipiki. Akasema siku hiyo atatembea kwa miguu.

Lakini kina mama wa rika lako hawakuwa na picha yoyote. Ma Prudensia, yule mliyesoma naye, alikaa kwenye benchi langu akasema anataka gauni kama la Adela. Nilipomuuliza Adela gani, aliniangalia kama mtu aliyeulizwa jua ni lipi. Kesho yake Ma Kokuberwa naye akataka sketi ya marinda kama ya Adela. Ikawa hivyo juma zima. Mimi nilikuwa nakujua kama shangazi wa kwenye simu, anayeuliza habari za watoto na bei ya maharage. Sikujua kwamba wewe ndiwe uliyewafundisha wanawake wa Kibingo kuvaa.

Walinisimulia kwamba ulipokuwa mpiga chapa Bukoba, kila Krismasi wasichana walipanda kichuguu cha njia panda ili wakuone unashuka kwenye basi. Kwamba ulivaa raizoni nyekundu, viatu vile vya soli nene, na ukapita nazo kibanjani katikati ya migomba bila kujikwaa. Kwamba ulifunga kitambaa kichwani, fundo likakaa juu ya sikio, na kufikia Pasaka hata mke wa mwalimu mkuu alikuwa amehamishia fundo lake huko. Ma Prudensia aliniambia neno ambalo sijalisahau: "Sisi tulivaa ili tujisitiri. Adela alivaa kama mtu aliyefurahi kuzaliwa."

Gauni la njano ndilo walilolizungumzia kuliko yote. Ma Prudensia alishikilia kwamba kola yake ilikuwa ya ncha, Ma Kokuberwa akasema ya duara, nusura wakosane. Lakini nilipouliza gauni hilo liliishia wapi, wote wawili wakakumbuka chai yao inapoa. Nyumbani nami nilikuwa nimesikia vipande tu, na sikuwahi kuuliza.

Basi siku ya harambee ikafika. Kina mama waliingia uwanjani pamoja, wengine na mikongojo yao, mafundo juu ya masikio, marinda yakicheza. Vijana wakaanza kuwapiga picha. Binti mmoja wa kwaya akauliza wametoa wapi mitindo ile, na Ma Prudensia akamnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti akatangaza kwamba huo ni mshono wa Adela, dada yake Gaspari, na kwamba haupatikani kwenye simu. Watu walipiga makofi, shangazi. Natamani ungekuwepo.

Baba alikuwa ameketi mbele pamoja na wazee. Hakupiga makofi. Alichukua kofia yake akaondoka kabla ya chakula, nami nikajua amekasirika.

Kesho yake alikuja Murongo. Alikuwa hajawahi kukanyaga duka langu tangu nilifungue. Alikaa kwenye benchi, akauliza gauni la njano la Prudensia nililitia kola gani. Nikasema ya ncha. Akasema nimekosea. Ilikuwa nyeupe, ya duara, imepigwa mshono wa uzi wa njano pembeni. Mkanda ulikuwa wa kitambaa hichohicho, zipu ya mgongoni, pindo limegusa goti.

"Halikuwa hata fupi," alisema.

Nilimuuliza inakuwaje anakumbuka hivyo. Akanijibu: "Nililikata mimi, mwanangu. Sijaacha kuliona."

Akanieleza yote. Kwamba alikuwa katekista mpya, na watu walimtania kwamba anafundisha parokia nzima lakini dada yake amemshinda. Kwamba Krismasi hiyo alilitoa gauni kwenye kamba akalikata uani kwa kisu cha kumenyea ndizi, wewe ukitazama na bibi akimsihi aache. Lilikuwa la mshahara wako wa kwanza. Uliokota vipande, ukavikunja, ukaondoka na basi la asubuhi. Alidhani utarudi Pasaka. Bibi alipofariki na wewe ukalala misheni ili usilale kwake, alikuletea chakula jioni, akafika mpaka getini, akashindwa kuingia. Akarudi nacho nyumbani. Hilo hukulijua, shangazi. Hata mama hakulijua.

Kisha akaniomba nilishone upya. Vitambaa vyangu vya njano alivikataa vyote, akavuka mwenyewe upande wa Uganda na kurudi na alichokitaka. Nilimwambia mwili wako si ule tena. Akasema yeye siku zote amekuwa akikuona na kiuno kilekile. Vipimo nimekadiria kwa ile picha ya komunyo ya mjukuu wako, na nimeacha kitambaa cha kutosha ndani ya mishono, ukitaka kupanua.

Sasa naungama. Huyu mrefu aliyekuletea furushi hili ni mume wangu Egbert, ambaye unamjua kwa sauti tu. Hakuja peke yake. Baba yuko hapo stendi ya Muleba, kwenye benchi la muuza chai. Yeye anaamini nilikuuliza kwa simu na wewe ukasema aje. Sikukuuliza, niliogopa jibu lako. Kosa hilo ni langu, yeye hana habari. Hata hivyo amekataa kufika mlangoni kwako. Anasema yeye ndiye aliyekutoa nyumbani, kwa hiyo atangoja aitwe kwa kinywa chako.

Kama huwezi, mwambie Egbert. Watarudi na basi la mchana, na hakuna atakayekulaumu. Gauni ni lako kwa vyovyote.

Wasalimie wajukuu wote na majirani wanaokuchotea maji. Ma Prudensia na Ma Kokuberwa wanakusalimu, wanauliza siku hizi unafungaje kitambaa. Mungu akuzidishie nguvu.

Na ukiamua kwenda stendi mwenyewe, usishtuke. Amekonda na anatembea polepole. Mtafute mzee mwenye koti la kijivu la kola pana, lile alilovaa Krismasi ile. Alilitoa sandukuni akalipiga pasi mwenyewe. Alisema huenda uso wake usiutambue, ila koti utalitambua, maana wewe ndiwe uliyemchagulia.

Ni mimi binti yako,
Evaresta Gaspari