Rezistansi Mbili za Mia

Siku ya ine

Mama Aziza hakunicheka. Heri angenicheka.

Radio yake ilihitaji rezistansi, kile kipande cha kuzuia umeme, ya omu makumi tano. Tangu vita ikate njia ya treni, vipande vipya havifiki tena Kindu, na mimi nilibaki na mbili tu, za mia mia. Nikaziunga moja nyuma ya ingine. Kimya. Nikamwambia, "Mama, hii imekufa."

Yeye anafundisha fizike kwenye shule. Akainama juu ya meza yangu. "Fundi, hivi zinakuwa mia mbili. Ziweke moja kando ya ingine, umeme upate njia mbili, njo utapata makumi tano."

Nikamujibu mbele ya watu kwamba hii si mambo ya ubao wa darasa. Kisha nikafanya vile alisema. Radio ikaimba.

Lakini aibu yangu iko kwingine. Rezistansi hizo nilizitoa katika radio ya Papa Ramazani. Juma lililopita nayo ilihitaji makumi tano; niliziunga mule vilevile, vibaya, nikamwambia radio imekufa. Akaniachia niivunje: "Vipande vitasaidia wengine." Njo radio aliyokuwa anangojea nayo habari za Kampene, kwenye watoto wake wanaishi.

Jioni Papa Ramazani amepita hapa. "Fundi," akanisalimia kwa heshima.

Na mimi nikaitika kwa jina hilo.