Neno "Zitajitahidi"

Jumatano

Siku nzima, neno moja! Mkutano wa nchi jirani kuhusu pweza, na mimi mkalimani nina hedifoni masikioni tangu asubuhi. Rasimu ilisema nchi zote "zitafunga" uvuvi kwa miezi ileile, pweza wapate kuzaliana. Mjumbe mmoja akakataa. Wa kwetu hata hakubisha. Jioni ikapitishwa "zitajitahidi kufunga", wakapiga makofi. Na aliyelitamka neno hilo kwa Kiswahili ni mimi.

Nikapitia soko la samaki la Feri kwa shangazi, anakokaanga pweza. Nilimwamkia, hakungoja hata nikae.

"Marahaba. Enhe, wenzetu wa ng'ambo ya mpaka wamekubali kufunga?"

"Wamesema watajitahidi, shangazi."

"Watajitahidi?" Akaacha kugeuza pweza. "Mdogo wangu alijitahidi, au alifunga?"

Alifunga. Mwaka jana baba mdogo, kule kusini mpakani, alikaa miezi mitatu bila kuvua pweza hata mmoja, akiwatazama wa upande wa pili wakivua.

Nimerudi nyumbani hapa Msimbazi kichwa kinauma. Baba mdogo amepiga simu mara mbili, najua anataka kuuliza kama akubali kufunga tena.

Sijapokea.