Jumamosi za Maposeni

Songea,
14 Julai

Mpendwa Dada Klementina,

Shikamoo dada, na Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mwanza, wewe na watoto, na kwamba mguu wa shemeji sasa unakanyaga vizuri. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Baridi imetukamata kweli mwaka huu. Ukungu hauiachii milima ya Matogoro mpaka saa nne, na Mama anavaa masweta mawili kwa pamoja. Mahindi lakini yamekubali, uani hakuna pa kukanyaga.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia kwa kalamu wakati simu ipo. Nitakueleza. Humu ndani kuna picha kumi na moja, lakini nakuomba usome kwanza.

Unakumbuka tulipomzika Baba tulikosa picha ya kutanguliza mbele ya jeneza, tukakuza ile ya kadi ya kupigia kura, Baba amekodoa macho kama mtu aliyekamatwa na mgambo. Mimi, niliyepiga picha za komunyo na arusi za nusu ya mji huu, sikuwa na picha hata moja ya baba yangu. Tangu siku ile Mama aliichukia kamera. Nikiitoa tu kwenye mkoba, anaingia ndani. Aliniuliza mara moja, “Aidani, unatafuta ya kubandika kwenye msalaba wangu?” Sikumsumbua tena.

Kwaresima hii Padre alihubiri juu ya wakati. Alisema mahindi ukichelewa kuyavuna unaweza kuyakuta bado yamesimama shambani, lakini siku hukuti imesimama inakungoja, na Mungu atatuuliza tulizila na nani. Dada, nilihisi ananisema mimi. Kesho yake nilimwambia Muhsini, yule kijana wa Namtumbo tunayefanya naye kazi studio, kwamba arusi za Jumamosi azichukue yeye. Akaniambia niende tu nyumbani, arusi haziishi.

Basi kila Jumamosi nikawa naenda Maposeni kwa Mama. Nilipiga kila kitu isipokuwa Mama. Jembe lake, kanga zake kwenye kamba, ndala zake mlangoni, kisigino kimoja kimelika kuliko kingine. Na hapo ndipo nilipoanza kushangaa. Nina miaka arobaini na moja, na nakuapia sikuwahi kuuona moshi. Asubuhi moja moshi wa jikoni ulikuwa unatokea kati ya ukuta na bati, jua likaupiga, ukagawanyika vipande vipande vya mwanga vinavyopanda taratibu. Nilisimama na kamera shingoni, nikasahau kupiga. Miaka kumi na saba nimewaambia watu wasogee, wanyooke, watabasamu, na muda wote huo vitu hivi vilikuwa vinatokea kila asubuhi nyumbani kwetu bila mtu wa kuvipanga. Niliogopa, dada, ile hofu ya mtu aliyeingia kanisani akakuta Misa imeshaanza zamani.

Halafu Jumapili moja ya mwezi uliopita, nilipokuwa nimelala huko huko, Mama alirudi kutoka kanisani, akavua kitenge kizuri, akavaa kanga yake ya kazi, akakaa mbele ya lundo la mahindi. Akaniita. Nilipotoka akasema, “Leta hiyo kamera. Piga.” Nilidhani anatania. Akaendelea kupukuchua bila kunitazama. Kuku alipodokoa punje miguuni pake alicheka, meno yale mawili yaliyobaki yakaonekana, na vumbi la mahindi likawa linamzunguka kichwani, lote linang’aa. Nilijikuta nimepiga magoti. Sijui kama yalikuwa ya kutafuta picha.

Sasa nifike pale ninapopazungukazunguka tangu mwanzo.

Mwezi wa pili, kabla ya mahubiri yale, Muhsini alinionyesha picha za arusi niliyopiga mwenyewe. Katika picha nane baba wa bibi arusi alikuwa amekatwa nusu, pembeni. Sikuwa nimemwona amesimama pale. Nilikwenda kwa daktari wa macho. Ni presha ya macho, dada, na imeanza siku nyingi. Jicho la kushoto limebaki kidogo sana. La kulia naona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Dawa ya matone itapunguza mwendo wake, lakini kilichopotea hakirudi, na daktari hakuniahidi miaka. Nilimkasirikia Mungu wiki mbili nzima, hata rozari sikuigusa. Nilimwambia Muhsini peke yake. Mama sikumwambia.

Lakini Jumamosi ile, kabla ya Jumapili ya mahindi, Mama alininyooshea kikombe cha togwa kutoka upande wa kushoto, nami nikawa naendelea kuzungumza. Sikukiona. Nilipogeuka nilimkuta bado ameunyoosha mkono. Akakipitisha kile kikombe mbele ya uso wangu polepole, mara mbili, akinitazama macho. Kisha akakiweka mkononi mwangu, akavifunga vidole vyangu juu yake, akaenda jikoni. Hakuniuliza kitu, mpaka leo. Kesho yake ndiyo akakaa juani nimtazame, muda wote nitakaoutaka.

Sikuandikii ili unionee huruma. Matone naweka kila siku, na Jumamosi moja sasa naiona kubwa kuliko mwaka mzima wa zamani. Nakuomba jambo moja tu. Miaka sita hujaja nyumbani. Sikulaumu, najua safari ni ndefu na watoto wanasoma. Shule zikifungwa Desemba, njoo. Ikiwezekana kabla, njoo kabla. Usinitumie picha kwenye simu.

Mama anakusalimu sana, na anasema dagaa wa huko usiwasahau. Muhsini naye anawasalimu nyote. Wabusu watoto, mwambie shemeji nampa pole ya mguu.

Ukifika, usinisalimie ukiwa mlangoni. Ingia, usogee mpaka mbele yangu kabisa, ukae hapo, na usiwe na haraka.

Mdogo wako akupendaye,
Aidani