Kaya ya Mtu Mmoja

Mpendwa Mayu,

Nakuita hivyo kwa sababu jina la mama ulikuwa hulitaki. "Hapa mjini kila mwenye genge anaitwa mama," ulikuwa unasema. "Mimi ni mayu wako, basi." Haya, mayu, mwangaluka. Huku ni mhola duhu, salama tu, na safari hii sisemi kwa mazoea.

Unakumbuka chumba chetu nyuma ya duka la vitenge, hapa Bariadi, ulikokuwa unampikia mwenye duka na kumfanyia usafi? Jioni ulikuwa unachagua mchele huku unanipa somo lile lile. "Mtu akikuuliza kwenu, usibabaike. Mwambie Ipililo." Kisha unaanza kunisimulia: minyaa iliyozunguka boma, pamba iliyoanikwa uani, ng'ombe wa mjomba. Mimi niliyefika huko mara chache tu, ungenisikia nikijisifu kwa wenzangu ungedhani nimezaliwa zizini.

Tulikuzika huko huko. Mjomba alisafiri kutoka Katavi alikohamia na mifugo yake, akakulilia, akarudi. Nyumba ya bibi imeshaezuliwa. Imebaki minyaa na kaburi lako.

Mwenye duka aliniita baada ya matanga. Alisema kwa upole kwamba chumba kile ni cha mfanyakazi, na mfanyakazi mpya anakuja na watoto wake. Sikumlaumu, kwani angefanyaje? Nilibeba godoro nikahamia karakana ya Fundi Masanja, yule anayenifundisha kuchomelea. Nikawa mchana natengeneza milango ya watu, na usiku nalala katikati ya magrili ya madirisha bila mlango wa kufunga. Mvua ikija na upepo, godoro linalowa.

Fundi ndiye aliyenituma ofisi ya kata, kwa afisa ustawi wa jamii, nikaombe msaada wa chumba. Ni dada mmoja mpole, hana makuu.

"Kaya yenu iko wapi?" aliniuliza.

"Ipililo."

"Ina watu wangapi?"

Mayu, nilimhesabia wote. Mjomba, wake zake, watoto wao, mpaka wale mapacha ambao sijawahi kuwaona. Kidogo nimtajie na ng'ombe.

"Basi mdogo wangu, wewe una kwenu," alisema. "Nina vijana hapa hawana hata ndugu mmoja. Rudi kwa mjomba wako."

Nikamshukuru, nikatoka kifua mbele. Nilifika getini ndipo nikaelewa nilichofanya. Yeye aliniuliza kwa Kiswahili cha serikali, mimi nikamjibu kwa Kisukuma chako. Kwake kaya ni watu wanaolala pamoja na kula chungu kimoja. Kwetu kaya ni kwetu, hata ikibaki minyaa mitupu.

Nilikukasirikia, nisikufiche. Ulinifundisha kusema nina kwetu, hukunifundisha kusema sina pa kulala. Siku nzima nilichomelea vibaya, hadi Fundi akaninyang'anya mashine.

Halafu nikakumbuka wodini. Nesi alikuuliza ndugu zako wako wapi, wa kukuogesha na kukuletea uji. Ukaninyooshea kidole, nimesimama na chupa ya chai mlangoni. "Kaya yangu nzima ndiyo huyu." Wagonjwa wakacheka, na mimi nikacheka. Kumbe na hilo ulikuwa umenifundisha.

Kesho yake nilirudi kata mapema.

"Dada, jana nilikujibu vibaya. Kaya yetu ina mtu mmoja. Ni mimi."

"Na wale wa Ipililo?"

"Ni ndugu zangu kweli, ila wako Katavi na mifugo. Mimi nalala karakana."

Aliniangalia vizuri kwa mara ya kwanza. "Sasa tumeelewana," alisema, akachukua simu. Alimpigia mwenyekiti wa mtaa, akampigia na mzee wa kanisa wanakowapangisha vijana wanaojifunza ufundi, kwa bei wanayoiweza. Vyumba vilikuwa vimejaa, isipokuwa kimoja kilichofungwa kwa sababu mlango wake ulioza.

"Mlango niachieni mimi," nilisema.

Ndimo ninamoishi. Mlango niliutengeneza kwa vyuma vilivyobaki karakana, nikaupaka bluu, na majirani wawili wameshaniuliza kama naweza kuwatengenezea wao. Naweza. Nikihitimu nitapanga chumba kikubwa zaidi, na hiki nimwachie mwingine anayelala kwenye magrili ya watu.

Juzi mwenyekiti alipita kuandikisha wakazi.

"Mkuu wa kaya nani?"

"Mimi."

"Mko wangapi?"

Nilitaka kusema wawili, mayu. Ulimi ulishaanza. Nikasema mmoja, naye akaandika, akaenda kwa jirani. Nililia kidogo, kisha nikapika ugali wangu nikala wote.

Pamba ikishavunwa nitakuja Ipililo kuipunguza minyaa isifunike kaburi lako. Wakiniuliza kwetu bado nataja huko huko, sibabaiki. Ila wakiniuliza ninapolala, najibu pia. Wewe pumzika. Mlango nimeufunga na ufunguo ninao.

Ni mimi mwanao,
mkuu wa kaya.